Safari ya Kayaki katika Hori ya Mida

Hori ya Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, ni mahali pema pa kujifunzia kayaki, yaani mtumbwi mwembamba uendeshwao kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Mikoko imeizunguka, wala mawimbi makubwa ya bahari hayafiki ndani. Lakini utulivu huo humhadaa mgeni, kwani hatari ya Mida ni kupwa na kujaa kwa maji.

Maji hujaa kwa muda wa saa sita hivi, kisha hupwa kwa muda kama huo. Na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mkondo huzidi nguvu katikati ya muda huo. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hupwa sana. Aliyechelewa ndani hukwama topeni, na aliye karibu na mlango wa hori aweza kuchukuliwa mpaka baharini. Basi yafaa kuingia maji yakiwa yanajaa, na kurudi kabla hayajaanza kupwa kwa nguvu. Kabla ya kupanga siku, wavuvi wa pale waulizwe. Wao wazijua saa hizo vyema.

Hori imo katika hifadhi ya bahari, kwa hiyo mikoko haikatwi bila kibali wala ndege hawasumbuliwi. Jaketi la kuelea livaliwe mwilini, lisiwekwe miguuni kama mzigo. Asiende mtu peke yake, na aliyebaki ufukoni aambiwe saa ya kurudi.