Kwa Nini Hospitalini Mzazi Hulazwa Chali?

Wako kina mama, hasa mashambani, wasiopenda kwenda kuzaa hospitalini, wala si kwa sababu ya gharama au umbali wa njia. Husema, "Kule utalazwa chali kitandani, miguu juu." Nyumbani, mbele ya mkunga wao, walizoea kuchutama au kupiga magoti huku wameshika nguzo au mabega ya mwenzao. Jambo hili si dogo, maana mama akiikimbia hospitali kwa sababu ya kitanda, ameikimbia pamoja na dawa ya kuzuia damu na daktari wa kupasua. Basi yafaa tueleze desturi hiyo ilitoka wapi, na kama kweli ni ya lazima.

Wanawake wa Misri ya kale walizaa wamechutama juu ya matofali. Na tofali moja la namna hiyo, lenye picha ya mama na mtoto wake, lilifukuliwa huko Abydos mwaka 2001. Ulaya nako wazazi walikalia kigoda chenye nafasi iliyokatwa katikati. Miongoni mwa waliowashauri kuzalia kitandani, mashuhuri ni mganga Mfaransa, François Mauriceau, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1668. Walakini yeye hakutaka mzazi alale bapa, bali kichwa na kifua viinuliwe kidogo. Waliomfuata, yaonekana, walimsoma nusu. Baadaye koleo la kumvutia mtoto likaenea, na kazi ya koleo yataka mzazi atulie amelala. Tena mwaka 1847 James Young Simpson wa Edinburgh alianza kuwapa wazazi klorofomu, na mtu aliyetiwa usingizi hawezi kuchutama.

Hivyo ndivyo kulala chali kulivyokuja kuwa kama sheria. Mkunga wa hospitali huona vizuri, husikiliza moyo wa mtoto bila taabu, na hushona palipochanika bila kumhamisha mama. Kitanda chenyewe kimeundwa kwa kazi hiyo, na wauguzi wengi hawakufundishwa kumpokea mtoto kwa namna nyingine. Sababu hizi ni za kweli, lakini karibu zote ni za mpokeaji, si za mzazi.

Mwili wa mzazi una sababu zake. Akilala chali, uzito wa mimba huukandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Mama huweza kushikwa na kizunguzungu, na damu imfikiayo mtoto ikapungua. Kifandugu nacho, ambacho hurudi nyuma ili mtoto apite, hubanwa na godoro. Lakini achutamapo, nyonga hupanuka upande wa chini, na uzito wa mtoto mwenyewe husaidia.

Mwaka 2017 wataalamu waliokusanya majaribio mengi walionyesha kwamba wazazi waliokaa wima, wasiodungwa ganzi ya mgongoni, walihitaji koleo mara chache zaidi, wala hawakukatwa njia ya uzazi mara nyingi kama wenzao waliolala. Walionya pia kwamba huenda kukaa wima kukaongeza idadi ya wanaopoteza damu zaidi ya nusu lita. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mzazi wa namna hiyo asaidiwe kukaa apendavyo mwenyewe.

Basi mama na aulize mapema, siku aendapo kliniki kupimwa mimba, kama ataruhusiwa kuchutama, kupiga magoti au kulala ubavu; uchungu ukiisha kushika, nafasi ya kuuliza ni ndogo. Kulala ubavu ni njia ya katikati, maana mkunga bado huona vizuri, na ule mshipa haukandamizwi. Zipo saa ambazo atalazwa chali bila kungoja. Mabega ya mtoto yakikwama, kwa mfano, magoti ya mama hukunjwa hadi karibu na kifua ili mtoto apate kupita. Mtoto akiisha kutoka, mama hudungwa sindano ya kulikaza tumbo la uzazi ili damu isimwagike, na sindano hiyo hufanya kazi ile ile, awe amezaa chali au amechutama.