Somo la 9: Muuguzi na Visanduku vya Sindano

Mambo yakienda vibaya kazini, wengi hunung'unika na wenzao chini ya mwembe. Husema, "Mkuu wetu haambiliki." Mara nyingi mkuu huyo hajaambiwa. Amesikia minong'ono tu.

Tuchukue mfano wa zahanati ya kijiji. Sindano iliyotumika hutupwa katika kisanduku kigumu. Kisanduku kikijaa robo tatu hufungwa, kisha huteketezwa. Sasa visanduku vimekwisha. Sindano zinatiwa katika boksi la kawaida, na mhudumu anayefagia amechomwa kidole.

Mhudumu huyo asingoje mkutano. Aoshe kidole kwa maji na sabuni, atoe taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianzwe mapema iwezekanavyo. Saa 72 zikipita, amechelewa.

Na muuguzi je? Akifoka mbele ya wagonjwa, Mganga Mfawidhi ataona ametukanwa. Watu watajadili adabu, na sindano zitasahauliwa. Afadhali amwendee ofisini, wagonjwa wakishapungua. Amweleze kwa mdomo, kisha amwachie barua kama hii:

"Mganga Mfawidhi,
Yah: Visanduku vya sindano
Visanduku vilikwisha tarehe 3. Toka siku hiyo tunatia sindano katika boksi la karatasi. Tarehe 9 mhudumu alichomwa kidole, tukampeleka kituo cha afya siku ile ile. Naomba tuazime visanduku vitano kituoni wakati tunangoja mgao wetu. Niko tayari kuvifuata Jumatatu."

Itazame barua hiyo. Haimlaumu mtu. Ina tarehe, ina jambo lililotokea, tena ina ombi linaloweza kutimizwa bila fedha. Tarehe hizo muuguzi hakuzikumbuka kwa kichwa. Alikuwa akiziandika katika daftari kila siku.

Tena muuguzi haombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya wafanyakazi wake.

Juma moja likipita bila jibu, aulize tena kwa upole. Kukiwa kimya bado, amwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya. Juu ya barua aandike "Kupitia kwa Mganga Mfawidhi", ili asionekane amemruka mkuu wake. Abaki na nakala. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, amweleze pia kiongozi wa tawi.

Labda wewe si muuguzi. Lakini kamati ya zahanati ina wanakijiji ndani yake. Ukiwa mjumbe, uliza kikaoni: visanduku vipo vingapi leo? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Zoezi
1. Kwa nini barua ile imetaja tarehe 3 na tarehe 9?
2. Mhudumu aliyechomwa hana glavu nzito za kufagilia. Mwandikie barua fupi kwa Mganga Mfawidhi. Weka tarehe na ombi moja tu.