Kuosha Gari kwa Ndoo Mbili: Somo la Udongo, Sabuni na Maji

Katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa, barabara itokayo Nyololo kupitia Igowole hadi Mgololo hukatiza nchi ya chai na ya misitu ya kupandwa. Wakati wa mvua, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, udongo mwekundu hugeuka matope yanatayo. Wakati wa kiangazi hugeuka vumbi. Mwenye gari hana budi kuliosha mara kwa mara. Lakini katika nyumba nyingi za vijijini hapana mpira wa maji. Maji huchotwa mbali na kubebwa kichwani, mara nyingi na akina mama na watoto. Ndiyo maana baadhi ya madereva huona heri kuingiza gari kijitoni.

Somo hili laonyesha kuwa hakuna haja ya kufanya hivyo. Ndoo mbili za lita 20 zatosha kuosha gari dogo nyumbani, mradi mwoshaji afahamu tabia ya udongo, ya sabuni na ya maji.

1. Udongo

Udongo huwa mwekundu kwa sababu una oksidi za chuma. Ndani yake mna chembe za mfinyanzi, ambazo ni ndogo mno na laini, pamoja na chembe za mchanga, ambazo kwa kawaida ni za madini ya kwatsi. Katika kipimo cha ugumu kilichobuniwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, almasi imepewa namba 10 na kwatsi namba 7. Kioo cha kawaida hukaribia 5.5, na rangi ya gari ni laini kuliko kioo. Kwa hiyo anayefuta vumbi kwa tambara kavu huisugua rangi kwa mchanga. Mikwaruzo midogo huongezeka hadi gari likapoteza mng'ao wake.

Matope yaliyoganda chini ya gari yana hatari nyingine. Hushikilia unyevu kwenye bati, na chuma kikipata maji pamoja na oksijeni hushika kutu.

2. Sabuni

Vumbi la barabarani huchanganyika na mafuta na masizi, ambayo maji matupu hayawezi kuyaondoa. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine huyakimbia maji na kushikamana na mafuta. Molekuli nyingi hulizunguka tone la mafuta, ncha zipendazo maji zikielekea nje, na hivyo tone huchukuliwa na maji. Aidha, sabuni huleta utelezi baina ya tambara na rangi.

Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, nayo huondoa nta ikingayo rangi. Sabuni laini ya maji, kijiko kimoja au viwili katika ndoo, yatosha. Povu jingi halisafishi zaidi. Hudai tu maji mengi ya kusuuzia.

3. Hatua za kufuata

(a) Gari liwekwe kivulini, mbali na kisima na kijito, nalo liachwe lipoe. Juani maji hukauka upesi na kuacha madoa.

(b) Matope yamwagiwe lita 10 kwa kopo, kidogo kidogo, kisha yaachwe kwa dakika 10. Maji yakipenya kati ya chembe za mfinyanzi, matope hulainika na kuachia yenyewe.

(c) Ndoo ya kwanza itiwe lita 8 za maji ya sabuni. Ya pili itiwe lita 10 za maji matupu. Tambara lichovywe katika sabuni, lifute sehemu ndogo, lisuuzwe katika maji matupu na kukamuliwa, ndipo lirudi katika sabuni. Kwa njia hii mchanga hubaki katika ndoo ya pili.

(d) Kazi ianzie juu: paa, vioo, boneti, milango, na mwisho magurudumu, ambayo yatengewe tambara lake.

(e) Lita 12 zilizobaki zitumike kusuuza kwa kopo kuanzia paani, kisha gari likaushwe kwa kitambaa laini.

Jumla ni lita 40. Linganisha na mpira ujazao ndoo ya lita 20 kwa dakika moja na nusu: ukiachwa wazi kwa dakika 10, hutoa zaidi ya lita 130.

4. Kwa nini isiwe mtoni

Gari lioshwapo kijitoni huacha humo mafuta ya injini, grisi na sabuni. Mafuta hutanda juu ya maji kama utando mwembamba na kuzuia oksijeni kuingia, nayo sabuni hudhuru samaki na wadudu wa majini. Ndoo ya jirani achotaye upande wa chini hupata uchafu huohuo. Vijito vya Mufindi havikomei wilayani: maji yapitayo Ruaha Mdogo na yale yapitayo Kihansi yote huishia katika Mto Rufiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli ziwezazo kudhuru hifadhi ya ukingo huo.

Maji machafu ya ndoo yamwagwe ardhini palipo na nyasi, si katika bustani ya mboga.

5. Jaribio

Koroga maji ya ndoo ya pili, ujaze chupa nyeupe, uiache itulie. Mchanga hutua chini kwa muda mfupi. Mfinyanzi huendelea kuelea kwa saa nyingi. Eleza: kwa nini tambara lisifikishwe chini ya ndoo? Na mchanga huo ungalikuwa wapi kama ndoo ingalikuwa moja tu?