Betri ya flashi: hesabu wati-saa kabla ya kutoa pesa

Mpiga picha wa Moi's Bridge hafanyi kazi mahali pamoja. Jumamosi hii yuko kwenye harusi mjini, wiki ijayo ameitwa matanga upande wa Matunda, na Desemba ikifika anazunguka na mahafali na ubatizo hadi Kitale. Ikiwa ni Agosti ya mwaka kama 2022 au 2024, simu hutoka Bungoma na Trans Nzoia pia, kwa kuwa kwa desturi Wabukusu hutahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Sherehe hizo hukesha, na alfajiri kijana hupelekwa mtoni kupakwa matope. Mtoni hakuna soketi.

Kazi ya namna hii haina marudio. Flashi ikizima bibi harusi anapoingia kanisani, hakuna wa kumwomba atoke nje aingie tena. Stima nayo si ya kutegemewa kila saa; wengi bado wanakumbuka usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima. Ndiyo maana vijana wengi wanaoishi kwa kamera wananunua betri za lithiamu, mara nyingi kwa pesa za mkopo. Wengine wananunua vizuri. Wengine wanalipia namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, na ndani hakuna kitu cha kulingana nayo.

Somo hili linawahusu hao, na pia mtu yeyote anayetaka kununua betri ya kubeba kwa kazi nyingine, iwe ya kinyozi, ya spika au ya taa za duka.

Gunia la kilo ngapi?

Kwenye betri kuna herufi mbili za kutafuta kwanza: V, yaani volti, na mAh, yaani miliampia-saa. Wauzaji hupenda mAh kwa sababu namba yake ni kubwa na inapendeza macho. Lakini mAh peke yake haikwambii betri ina nguvu kiasi gani. Ni sawa na kuambiwa mtu amevuna magunia 40 bila kuambiwa gunia ni la kilo ngapi. Hapa kwetu, penye ghala la NCPB, hakuna mkulima atakayekubali hesabu hiyo.

Kilo za betri ni wati-saa, ambazo huandikwa Wh. Kuzipata, gawanya mAh kwa 1,000, kisha zidisha kwa volti. Pawabanki ya simu yenye 20,000 mAh ina seli za volti 3.7, kwa hiyo ina wati-saa 74. Betri ya flashi yenye 2,900 mAh tu, lakini kwa volti 14.4, ina wati-saa karibu 42. Kwa macho, ya kwanza ni karibu mara saba ya ya pili. Kwa hesabu, haifiki hata mara mbili.

Ukiona betri iliyoandikwa mAh bila volti wala Wh mahali popote, irudishe mezani. Mwenye bidhaa halali hana sababu ya kuficha namba hizo.

Flashi hula kiasi gani

Flashi haichukui umeme inapowaka. Inauchukua kabla, inaukusanya ndani ya kifaa kiitwacho kapasita, kisha inauachilia wote kwa mara moja katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Ule mlio mwembamba unaousikia baada ya kupiga picha ni kapasita ikijazwa upya. Ukubwa wa mwako mmoja hupimwa kwa jouli, ambazo kwenye maboksi ya flashi huandikwa Ws. Wati-saa moja ni jouli 3,600.

Chukua mfano wa Godox AD200, flashi inayobebwa na wapiga picha wengi (tunaitaja kwa ajili ya hesabu tu, hili si tangazo). Mwako wake kamili ni jouli 200. Betri yake ni ile ya volti 14.4 na 2,900 mAh tuliyoitaja, na mtengenezaji anasema inatoa miako 500 kwa nguvu zote. Jumla ni jouli 100,000. Lakini ndani ya betri mna jouli 150,000 na ushei. Theluthi moja imekwenda wapi? Imegeuka joto, na nyingine imeliwa na redio na skrini.

Kutokana na hapo tunapata kanuni ya kufanyia kazi dukani ukiwa na simu tu: zidisha Wh za betri kwa 2,400, kisha gawanya kwa jouli za flashi yako. Jibu ni idadi ya miako kamili unayoweza kuitarajia. Muuzaji akikuahidi mara mbili ya jibu hilo, mwulize anaitoa wapi.

Wapiga picha wengi hushangaa wakifanya hesabu hii, kwa sababu hugundua kwamba hawahitaji betri kubwa walivyodhani. Ni nadra kwenye harusi kupiga kwa nguvu zote. Ukipiga kwa robo ya nguvu, miako 500 inakaribia 2,000. Toa kidogo, kwa kuwa redio na skrini hula hata wakati hupigi. Na robo hiyo si vigumu kuifikia. Ukipandisha ISO kutoka 400 hadi 1600, flashi inahitaji robo tu ya nguvu ya awali. Ukiisogeza taa kutoka mita nne hadi mita mbili, ni vilevile.

Kwa maoni yetu, basi, afadhali betri mbili ndogo za mtengenezaji wa flashi kuliko moja kubwa isiyo na jina. Moja ikikataa kazi saa nane mchana, nyingine iko mfukoni.

Taa za studio zinazotaka soketi

Mambo hubadilika kwa wenye taa za studio za kuchomeka ukutani. Hizi huhitaji volti 240, kwa hiyo wengine hutumia betri ya gari na inveta, na wengine hununua sanduku la lithiamu lenye soketi. Betri ya gari ni nzito, na imeundwa kuwasha injini, si kukaushwa kila wikendi. Ukiizoesha kushuka chini ya nusu, itakufa mapema.

Kwenye sanduku la lithiamu, angalia namba mbili. Wh inakuambia litadumu muda gani. W, yaani wati peke yake, inakuambia linaweza kutoa nguvu kiasi gani kwa wakati mmoja. Namba ya pili ndiyo inayowaangusha watu. Taa ya jouli 300 ikitaka kujaa kwa sekunde moja, itavuta zaidi ya wati 300 katika sekunde hiyo, kwa sababu ya ule upotevu tuliouona. Sanduku la wati 300 litajizima, au taa itajaa polepole hadi watu waliopangwa kwa picha ya ukoo waanze kutawanyika. Tafuta sanduku lenye wati mara mbili ya jouli za taa, au ongeza muda kati ya picha na picha.

Hakikisha pia limeandikwa "pure sine wave", maana yake umeme wake una wimbi laini kama wa stima ya nyumbani. Inveta za bei rahisi hutoa wimbi lenye ngazi, ambalo linaweza kuharibu sakiti za flashi.

Kisha zima ile taa ndogo inayowaka muda wote katikati ya flashi. Ikiwa ni ya wati 150, ndani ya saa moja itakula wati-saa 150. Kwa taa ya jouli 300, hata tukihesabu kwamba nusu ya umeme hupotea kwenye inveta na taa yenyewe, umeme huo ungetosha miako kamili 900.

Sanduku hizi huja kwa lithiamu za aina mbili. Ya kawaida ni nyepesi. Ile iliyoandikwa LiFePO4, yenye chuma na fosfeti, ni nzito zaidi kwa nguvu ileile, lakini huvumilia joto vizuri na huchajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Kwa anayebeba begi kwenye bodaboda, nyepesi inafaa. Kwa sanduku linalokaa studioni au kwenye buti la gari, chukua LiFePO4.

Mizani ya duka la nyama

Namba za uongo zipo sokoni, na kuna kipimo cha haraka: uzito. Kwa seli za lithiamu zinazouzwa sasa, wati-saa 100 huhitaji takriban gramu 400 hadi 500 za seli peke yake, bila ganda. Pawabanki inayodai 100,000 mAh ingekuwa na wati-saa 370, na hivyo ingepaswa kuzidi kilo moja na nusu. Ikiwa inaingia mfukoni kama simu, umeshapata jibu. Uzito ukitosha, usimalizie hapo, kwa maana kuna wanaojaza mchanga. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, jaribu betri ikiwa na flashi yako, na udai risiti yenye jina na modeli ya kifaa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa hizo, na ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Bila risiti, kudai haki hiyo ni kazi ngumu.

Anayesafiri kwa ndege kutoka uwanja wa Eldoret akumbuke kwamba betri za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo. Hadi wati-saa 100 haina shida. Kati ya 100 na 160 omba kibali cha shirika la ndege kwanza.

Moto na taka

Betri ya lithiamu iliyovimba, iliyoanguka vibaya au iliyoingia maji haichajiwi tena, hata kama bado inaonyesha taa ya kijani. Usichaji juu ya godoro au kochi, wala usiiache inachajiwa usiku kucha wakati watu wamelala. Usiiweke mfuko mmoja na sarafu au funguo, na usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Ikikaa wiki nyingi bila kazi, iache na chaji karibu nusu. Ikianza kufoka moshi, usiusogelee, kwa kuwa una sumu: toa watu nje, funga mlango, piga 999 au 112.

Iliyokufa isitupwe kwenye pipa. Lori la taka hukandamiza mzigo, na seli ikipondwa inaweza kuwasha lori zima huku wafanyakazi wakiwa wamelishikilia nyuma. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mmoja wetu atenganishe taka zake pale zinapotoka. Funika ncha za betri kwa selotepu, iweke kando kwenye chombo kikavu, kisha irudishe kwa aliyekuuzia au uipeleke kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA.