Longonot Haujafa: Nguvu za Ndani ya Dunia na Msamiati wa Kuzieleza

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi nguvu za ndani ya dunia zinavyouumba upya uso wa nchi, kwa kurejelea mlima Longonot ulio kusini-mashariki mwa ziwa Naivasha, katika kaunti ya Nakuru. Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi gani na volkeno? Jibu letu ni kwamba watu huchukua hatua kwa kufuata jina walilolipa jambo. Mlima ukiitwa mfu, hakuna anayejiandaa kwa uhai wake. Na korongo likiitwa ufa, watu hukimbia lisilokimbiwa na kuacha kuzuia linalozuilika.

2.0 Jinsi Bonde Lilivyoumbwa

Ganda la dunia si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea taratibu juu ya miamba yenye joto kali. Katika Afrika Mashariki, bamba la Nubia upande wa magharibi na bamba la Somalia upande wa mashariki yanaachana kwa milimita chache tu kila mwaka, yaani polepole kuliko ukucha unavyoota. Hata hivyo, mwendo huo mdogo ukiendelea kwa mamilioni ya miaka huzaa mambo makubwa. Ganda hunyooka, hupungua unene, kisha huvunjika katika nyufa ndefu zinazokwenda sambamba. Sehemu iliyo kati ya nyufa hizo hudidimia, na kingo zake hubaki juu kama kuta. Ndiyo maana msafiri atokaye Nairobi kwenda Naivasha hufika ukingoni ghafla na kuliona bonde likiwa limetandazwa chini yake, na ng'ambo ya pili genge la Mau.

Mwanajiolojia Mwingereza, J. W. Gregory, aliyefika huku mwaka 1893, ndiye aliyelieneza jina la bonde la ufa katika maandishi ya kitaaluma. Alisisitiza kwamba bonde hili halikuchimbwa na mto bali lilizama kati ya nyufa. Hapa neno "ufa" lina maana mahususi. Ufa wa ukutani ni mwanya mwembamba. Ufa wa kijiolojia ni mahali ambapo miamba imevunjika na upande mmoja ukasogea.

3.0 Historia ya Longonot

Pale ganda lilipopungua unene, magma, yaani miamba iliyoyeyuka, ilipata njia ya kupanda. Ikifika nje huitwa lava au zaha. Longonot ulijengwa kwa zaha na majivu yaliyorundikana tabaka juu ya tabaka. Yapata miaka 21,000 iliyopita milipuko mikubwa iliumwaga mzigo uliokuwa chini ya mlima wa kale, na kilele chake kikaporomoka ndani. Likabaki shimo pana liitwalo kaldera, lenye upana wa kilomita 8 hivi kwa 12. Ndani ya kaldera hiyo uliinuka mlima tunaouona leo, wenye kimo cha takriban mita 2,776, na kileleni mwake pana kasoko yenye kipenyo cha karibu kilomita 1.8.

Je, ulilipuka lini mara ya mwisho? Hapa wapenzi wa fasihi simulizi watafurahi. Zaha changa kabisa ya Longonot inakadiriwa kutoka miaka ya 1860, na msingi mmoja wa makadirio hayo ni masimulizi ya Wamaasai. Masimulizi hayo, ambayo baadhi yetu huyaweka katika kapu la ngano, yamekuwa ushahidi wa kisayansi.

Majina nayo yanasema. Longonot ni Oloonong'ot ya Kimaasai, inayoelezwa kuwa mlima wenye migongo mingi mikali. Eburru, upande wa pili wa ziwa, hutokana na neno la Kimaasai lihusulo moshi, na kweli mvuke hufuka huko. Mai Mahiu, mji ulio chini ya ukingo wa bonde, ni maji moto kwa Kikikuyu. Waliotoa majina haya walikuwa wameisoma ardhi.

4.0 Mfu au Aliyelala?

Vitabu vya jiografia hugawa volkeno katika makundi matatu: hai, zilizolala na zilizokufa. Kwa kuwa Longonot hautoi moshi wa kuogofya na wageni huupanda kila siku, wengi huuhesabu miongoni mwa wafu. Vipimo vya setilaiti vimeonyesha vingine. Kati ya mwaka 2004 na 2006 mlima huu uliinuka kwa takriban sentimita 9. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1997 na 2000, Suswa na Menengai zilididimia kwa sentimita chache. Kupanda na kushuka huko hakumaanishi kwamba mlipuko u karibu, ila kunathibitisha kwamba chini kuna mwendo. Joto hilohilo ndilo linaloendesha mitambo ya Olkaria, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1981.

Gharama ya volkeno hai inafahamika Goma, mji ambao wakazi wake hutumia Kiswahili kila siku. Tarehe 17 Januari 2002 zaha ya Nyiragongo iliingia katikati ya mji huo, na mwaka 2021 mlima huo ukalipuka tena. Onyo la kuhama likitolewa, sharti litolewe kwa maneno ambayo mama sokoni na mwendesha pikipiki watayaelewa papo hapo.

5.0 Ufa na Korongo

Mnamo Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Habari zikaenea duniani kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Wanajiolojia kadhaa walieleza tofauti: maji yalikuwa yamekokota majivu laini ya volkeno yaliyojaza mianya ya zamani, na tabaka la juu likaporomoka. Nguvu za ndani ziliandaa mianya na majivu. Nguvu za nje ndizo zilizofukua. Hilo ni korongo.

Linganisha na tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lenye ukubwa wa 6.9. Siku hiyo ardhi ilivunjika kwa makumi ya kilomita, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita mbili. Huo ndio ufa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kijiolojia hauzibiki. Dawa yake ni nyumba imara na kutojenga juu yake. Korongo, kinyume chake, linaweza kupunguzwa kwa mifereji na miti. Mkulima aliyeambiwa kwamba bara linagawanyika hataona haja ya kuchimba mfereji.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Longonot ni kazi inayoendelea, na kwamba Kiswahili kina maneno ya kuieleza: ufa, korongo, zaha, kasoko, kudidimia. Kilichopungua ni uangalifu wa kuyatofautisha. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, neno "mfu" lisitumiwe kwa volkeno yoyote ya bonde hili ambayo bado inapanda na kushuka. "Iliyolala" latosha, kwa kuwa aliyelala huamka. Pili, wanafunzi wa Kiswahili wakusanye masimulizi na majina ya mahali kutoka kwa wazee wa Naivasha, Suswa na Nakuru kabla hayajapotea, na wayafikishe kwa wenzao wa jiolojia.