Kulala Katika Pikapu Wakati wa Theluji

Huko Marekani na Kanada zipo familia zinazosafiri wakati wa theluji na kulala katika kijumba kilichopachikwa juu ya pikapu. Watu wanne, chumba kimoja, usiku mrefu! Mume ataka dirisha lifungwe kabisa. Mke alalamika kwamba pumzi zao zimelowesha magodoro. Hapo mke asikilizwe, wala si kwa kumridhisha tu. Jiko la gesi la kupikia likiwashwa ili kupasha joto, kama lile la makaa tulijualo sisi, laweza kutoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, nayo huua watu usingizini. Acheni mwanya, wekeni king'ora cha hewa hiyo, zimeni jiko kabla ya kulala. Tena kubalianeni mapema: mmoja wenu akisema, “Turudi nyumbani,” gari ligeuzwe, bila kuulizana nani mwoga.