Homoni za Mwanamke Atakaye Mimba

Maswali ya kina mama wa Njiro, Arusha, na majibu ya tabibu

Swali: Niliolewa mwaka jana na sasa twataka mtoto. Je, yanipasa nipime homoni zote kwanza?

Jibu: La, haikupasi. Mwanamke aliye chini ya miaka 35, ambaye hedhi yake huja kwa mpangilio, hana haja ya vipimo hivyo mpaka upite mwaka mzima wa kukutana na mumewe bila mimba kutunga. Aliyetimiza miaka 35 asubiri miezi 6 tu. Ama yule ambaye hedhi humpotea miezi kadhaa, au hutokwa na maziwa ilhali hanyonyeshi, asingoje kitu.

Swali: Maabara waliniambia nirudi siku ya 3 ya hedhi. Si usumbufu huo?

Jibu: Hasha. Homoni ya FSH, ichocheayo mayai kukua, na estradioli hupanda na kushuka mwezi mzima, kwa hiyo hupimwa baina ya siku ya 2 na ya 5. Na projesteroni, iliyo shahidi kwamba yai limetoka, hutakiwa siku 7 hivi kabla ya hedhi ijayo, yaani siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28, lakini ya 28 kwa mwenye mzunguko wa siku 35. Wengi huambiwa yai halikupevuka, kumbe damu ilitolewa mapema. Karatasi isiyotaja siku ya hedhi, mimi huisoma kwa shaka. Prolaktini, homoni ya maziwa, nayo hupandishwa na fadhaa, basi ukishuka katika daladala keti kwanza utulie. Na kama wameza vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele, wajulishe watu wa maabara, maana huweza kuharibu majibu.

Swali: Na AMH?

Jibu: Hukadiria akiba ya mayai, wala haitabiri nani atashika mimba kwa njia ya kawaida. Fedha yake afadhali uiweke.

Swali: Kipi basi nisikiache?

Jibu: Mwenye rovu, au ambaye mimba zimemharibikia mara kwa mara, apime TSH, homoni ionyeshayo kazi ya tezi ya shingo, kwani tezi ya shingo iliyolegea huvuruga hedhi na kudhuru mimba, na kila nyumba itumie chumvi yenye madini joto. Zaidi ya hayo, pima wingi wa damu, kundi lake, kaswende na virusi vya UKIMWI, nawe uanze asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, walau mwezi mmoja kabla ya mimba. Mwaka ukipita bure, njoo na mumeo, naye apimwe mbegu zake siku hiyo hiyo; usikubali kutobolewa mkono peke yako.